Kuanguka Ngazini: Jeraha, Ushahidi na Wajibu wa Kisheria

Mtu akigongwa na pikipiki barabarani, namba ya chombo huandikwa, polisi huitwa, na mgonjwa hufika hospitalini akiwa na fomu ya polisi namba tatu (PF3) mkononi. Mtu akivunjika mfupa uleule kwa kuanguka katika ngazi za nyumba aliyopanga, majirani humpa pole, humpakia kwenye bajaji, na jalada lake hospitalini huandikwa maneno mawili tu: ameanguka ngazini. Hakuna anayeuliza ngazi hiyo ilikuwa katika hali gani, ni ya nani, na nani alipaswa kuitengeneza. Ndugu hukubaliana kwamba ajali haina kinga, kisha huanza kuchangishana fedha za upasuaji.

Kwa ngazi, msemo huo si wa kweli. Sehemu kubwa ya maanguko haya yana sababu inayoonekana na kupimika, na sheria za nchi yetu zina namna ya kumtafuta anayewajibika kwa sababu hiyo. Lakini haki hiyo hupotea upesi, kwa kuwa ushahidi wake huzibwa na saruji ndani ya siku chache. Makala haya yanaeleza jinsi ngazi inavyomjeruhi mtu, sheria ya Tanzania Bara inasema nini, na kwa nini chumba cha daktari ndicho mahali pa kwanza ambapo ukweli wa tukio huhifadhiwa au kupotea. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili; yanamsaidia msomaji kujua aulize nini, na aulize mapema.

Ngazi humwangushaje mtu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa vifo vinavyotokana na majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka hushika nafasi ya pili, baada ya ajali za barabarani. Idadi hiyo inajumuisha maanguko ya kila aina: mtini, kitandani, jukwaani kwa mafundi, na ngazini.

Ngazi ina hatari yake ya pekee. Mtu anaposhuka, hatazami kila kidato. Baada ya vidato viwili au vitatu vya mwanzo, ubongo na miguu huwa vimeshachukua kipimo, na mwili huendelea kwa kuamini kwamba vidato vilivyobaki vitafanana na vilivyotangulia. Kidato kimoja kikiwa kirefu au kifupi kuliko vingine, hata kwa tofauti ndogo ambayo jicho halioni, unyayo hukosa mahali ulipopategemea. Kidato chembamba hulazimisha nusu ya unyayo kuning'inia hewani. Malumalu laini zilizolowa maji ya mvua huondoa msuguano. Giza huondoa nafasi ya kusahihisha kosa. Mahali pasipo na mkono wa kushikia, mtu aliyekwisha kuteleza hana cha kumzuia asiendelee kuporomoka.

Wataalamu wa majengo hupendekeza kidato chenye kimo cha takriban sentimita 15 hadi 18 na upana wa kukanyagia wa sentimita 25 hadi 30, mradi vidato vyote vilingane. Anayetembea katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale au Temeke ataona kwa nini vipimo hivyo hukosekana. Nyumba iliyoanza kuwa ya chini huongezwa ghorofa kadiri fedha zinavyopatikana; ngazi hupewa nafasi iliyobaki ubavuni, hivyo huwa ya mwinuko mkali na vidato visivyolingana. Vyuma vya kushikia huachwa mpaka "tukimalizia", nao wapangaji huhamia kabla ya umaliziaji huo kufika.

Jeraha na uzito wake

Anayeteleza akiwa na fahamu zake kwa kawaida hunyoosha mkono ili kujikinga, ndiyo maana kifundo cha mkono huvunjika mara kwa mara. Vifundo vya miguu huteguka au kuvunjika mguu unapopinda juu ya ukingo wa kidato. Anayeangukia makalio anaweza kuumia pingili za uti wa mgongo. Kwa wazee, hasa wanawake ambao mifupa yao imepungua uimara, kuvunjika kwa nyonga huwa msiba wa nyumba nzima: bila upasuaji wa mapema mgonjwa hulala kitandani kwa wiki nyingi, na kitanda huleta nimonia, vidonda vya mgandamizo na damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Kichwa kinahitaji tahadhari zaidi. Mzee aliyejigonga kidogo anaweza kuinuka, akanywa chai na kusema hajambo. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na utando wake, na dalili zikajitokeza baada ya wiki kadhaa: kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili kulegea. Ikiwa anguko la awali halikuandikwa popote, kulihusisha na ugonjwa wa baadaye huwa kazi ngumu kwa daktari, na ngumu zaidi kwa hakimu.

Juu ya maumivu kuna gharama. Fundi cherehani aliyevunjika mkono, au mama anayekaanga maandazi alfajiri, hana mshahara unaoendelea kuingia wakati mfupa unaunga. Swali la nani awajibike huamua kama watoto wataendelea na shule muhula huo.

Sheria inauliza nini

Sheria Inayohusu Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ilipokea nchini kanuni za sheria za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Madai mengi ya uzembe hujengwa juu ya msingi huo. Mdai anapaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliuvunja wajibu huo, na kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha dhara. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, ingawa hahitajiki kufikia kiwango cha kesi ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa kuliko ya upande wa pili.

Kwa majengo, swali la kwanza ni nani anayelidhibiti eneo lililomjeruhi mtu. Huyo si lazima awe mwenye hati. Ni yule mwenye uwezo wa kutengeneza, kuweka taa, kufunga njia au kuonya. Kanuni ya msingi inatokana na shauri la Indermaur dhidi ya Dames la mwaka 1866, ambamo fundi wa gesi alitumbukia katika shimo lisilozungushiwa kizuizi ndani ya kiwanda cha sukari jijini London. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyeingia kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye eneo ana haki ya kukingwa dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye eneo anaijua au alipaswa kuijua.

Ngazi moja, watu wanne

Tuchukue mfano wa kufikirika. Jengo la ghorofa mbili lipo Mwananyamala. Chini kuna fremu za maduka, ghorofa ya kwanza ina saluni, ya pili ina vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba anaishi Tabata na hufika kila baada ya miezi sita kuchukua kodi. Kidato cha nne kimemeguka tangu masika, na taa ya ngazini imeungua. Watu wanne wanaanguka hapo kwa nyakati tofauti.

Wa kwanza ni mpangaji wa ghorofa ya pili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inaingiza katika mikataba ya pango ahadi za mwenye nyumba hata kama hazikuandikwa. Mojawapo ni kwamba, pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, mwenye nyumba ataweka katika hali nzuri paa, kuta kuu na maeneo ya matumizi ya pamoja, zikiwamo njia za kupitia. Ngazi inayotumiwa na wote haikukabidhiwa kwa mpangaji yeyote. Imebaki mikononi mwa mwenye nyumba. Kauli ya "nilikupangisha chumba, mengine mtajua wenyewe" haina nguvu hapa. Kama mpangaji alimtumia mwenye nyumba ujumbe wa simu kuhusu kidato hicho mwezi uliotangulia, ujumbe huo unathibitisha kwamba hatari ilijulikana.

Wa pili ni mama lishe aliyepanda kumpelekea mpangaji chakula. Hana mkataba na mwenye nyumba. Mwaka 1893, katika shauri la Miller dhidi ya Hancock, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mwenye jengo aliyebakiza ngazi mikononi mwake ana wajibu pia kwa mtu anayekuja kikazi kwa wapangaji, kwa kuwa jengo la ghorofa haliwezi kutumika bila watu kama hao kupanda na kushuka. Baadaye, mwaka 1923, Baraza la Mabwana liliubana msimamo huo katika shauri la Fairman. Mwanamke aliyekuwa akiishi kwa dada yake alikwama kisigino katika sehemu iliyolika ya kidato cha saruji. Alishindwa, kwa hoja kwamba alikuwa ameruhusiwa tu kupita, na hatari yenyewe ilionekana wazi.

Uingereza iliachana na mgawanyo huo wa wageni kwa sheria ya mwaka 1957, na Kenya inayo sheria yake, Sura ya 34, yenye wajibu mmoja wa uangalifu kwa wageni wote halali. Sheria ya Uingereza ya 1957 ilikuja baada ya tarehe ya mapokezi, hivyo haimo katika tulichopokea. Mama lishe wa Mwananyamala anaweza kudai, lakini wakili wake atalazimika kueleza kwa makini kwa nini hatari hiyo haikuonekana, na hapo giza la ngazi huwa na uzito mkubwa.

Wa tatu ni msusi aliyeajiriwa katika saluni, aliyekuwa akishuka kufuata maji ya wateja. Yeye ana njia nyingine, isiyohitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaogharimia matibabu na fidia kwa aliyeumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba tangu aijue, na haki ya mafao inaweza kupotea ikiwa Mfuko haukufahamishwa ndani ya miezi 12. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa mahali pa kazi, na wakala wa serikali, OSHA, ana mamlaka ya kukagua.

Wa nne ni mwizi aliyekuwa akikimbia na televisheni. Kwa kanuni za zamani, aingiaye bila ruhusa anadaiwa kidogo sana: asitegewe mtego, wala asidhuriwe kwa makusudi. Kidato kibovu si mtego.

Kidato ni kilekile, na jeraha huenda likawa lilelile, lakini majibu ni manne. Yangebadilika tena kama jengo lingekuwa la aina nyingine. Katika majengo ambayo kila mmoja anamiliki sehemu yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ngazi ni mali ya pamoja na usimamizi wake ni wa chama cha wamiliki. Katika jengo la umma, iwe shule, soko au hospitali ya serikali, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, humtaka mdai atoe kwanza notisi ya siku 90.

Hoja atakazokutana nazo mdai

Mwenye nyumba naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema mpangaji alikijua kidato hicho, alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, au alikuwa akitazama simu. Hoja hiyo, hata ikithibitika, haiui madai yote. Sheria ya Marekebisho (Ajali Zinazosababisha Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, inairuhusu mahakama kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wa mwathirika katika kuumia kwake. Sheria hiyohiyo hutoa nafasi kwa wategemezi kudai pale anguko linaposababisha kifo.

Hoja nyingine ni umri na ugonjwa: "Bibi ana mifupa dhaifu, kijana angeinuka akaendelea na safari." Sheria haiikubali. Anayesababisha dhara kwa uzembe humchukua mwathirika kama alivyo, na udhaifu wa mifupa haumpunguzii wajibu. Jambo tofauti ni kama ugonjwa ndio uliomwangusha: kifafa, kushuka kwa sukari, kizunguzungu cha dawa za shinikizo la damu. Hapo ngazi inaweza kuwa mahali pa tukio tu, isiwe chanzo chake.

Tofauti hiyo ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya kisheria. Aliyepoteza fahamu mara nyingi hakumbuki anguko lenyewe, hakunyoosha mikono, na majeraha yake yako usoni. Aliyeteleza hukumbuka mguu ulivyochomoka. Hizi ni dalili za kuelekeza fikra na hazitoshi peke yake. Ndiyo sababu vipimo vya sukari, shinikizo la damu na moyo vinapaswa kufanywa na kuandikwa siku ileile.

Ushahidi huanzia kwa daktari

Linganisha maandishi mawili. La kwanza: "Ameanguka ngazini, maumivu ya mkono." La pili: "Anasema saa mbili usiku alikuwa akishuka ngazi za nje za nyumba aliyopanga, alikanyaga kidato kilichomeguka, taa haikuwaka, hakuna mkono wa kushikia, hakupoteza fahamu, aliangukia mkono wa kulia ulionyooshwa." Yote mawili humpeleka mgonjwa kwenye picha ya eksirei. La pili tu ndilo litakalosaidia miaka miwili baadaye, wakati kidato kimeshatengenezwa na jirani aliyeshuhudia amehama.

Daktari hapaswi kuandika nani mwenye hatia. Hilo si lake. Anaandika kile mgonjwa alichosema, alichokiona kwa macho na vipimo, na iwapo jeraha linaendana na maelezo. Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi lakini ina thamani kubwa mahakamani. Mgonjwa ana haki ya kuomba taarifa ya matibabu yake, na taarifa hiyo haipewi mtu mwingine bila ridhaa yake au amri ya kisheria.

Kwa upande wa familia, wakati mmoja anamsindikiza majeruhi, mwingine abaki na afanye haya:

Apige picha za ngazi kabla haijaguswa, akiweka rula au futikamba kando ya kidato, na picha nyingine usiku zikionyesha hali ya taa. Aandike majina na simu za walioshuhudia. Amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, na nakala aipeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Atunze kila risiti: dawa, vipimo, vyuma vya upasuaji, hata nauli. Mahakama zetu zimesisitiza kwa miaka mingi kwamba hasara mahususi lazima itajwe waziwazi na kuthibitishwa kikamilifu. Fidia ya maumivu hukadiriwa na hakimu, lakini fedha zilizotumika hudaiwa kwa karatasi.

Muda na njia

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri la madai ya aina hii linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa anapofikia utu uzima. Miaka mitatu huonekana mingi kwa mtu aliyefungwa plasta ya gipsamu, lakini matibabu ya nyonga, mazoezi ya viungo na upasuaji wa kurudia huimaliza upesi.

Madai hayo hayaendi Mahakama ya Mwanzo. Huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na yakiihusu Serikali, Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo mdai anaweza kufuatilia kila neno linalosemwa kuhusu mguu wake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hata hivyo, mashauri mengi ya namna hii yangeweza kumalizika mbali na mahakama. Mpangaji na mwenye nyumba huendelea kuishi pamoja, na mahakama zenyewe huelekeza pande kwenye usuluhishi. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba anayeonyeshwa picha, taarifa ya daktari na risiti huzungumza tofauti na anayeletewa malalamiko matupu. Akilipa gharama za hospitali na kufidia miezi ya kazi iliyopotea, makubaliano yaandikwe na kutiwa saini na pande zote.

Makubaliano hayo yasiache jambo moja: ngazi yenyewe. Balbu, mifuko michache ya saruji, na chuma cha kushikia kinachochomelewa na fundi wa mtaani kwa siku moja hugharimu sehemu ndogo sana ya upasuaji wa nyonga. Mwenye nyumba akague ngazi zake kila masika yanapokaribia. Mpangaji anayeona kidato kimeanza kumeguka aandike ujumbe leo, aweke tarehe, na auhifadhi.